Ng'ombe Wenye Maua Mwaka wa Msiba

Mume wangu Korbinian alikuwa mchoraji wa ng'ombe. Yeye mwenyewe alipenda kusema ni mchoraji wa mandhari na wanyama, na ndivyo kibao cha mlangoni petu Munich kilivyoandikwa, lakini mandhari ilikuwa kisingizio tu. Milima aliichora ili ng'ombe wapate pa kusimama, na mawingu aliyachora ili migongo yao ipate mwanga. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi kule Augsburg, kwa hiyo Korbinian alishika ngozi kabla hajashika brashi. Nadhani ndiyo sababu ukiona ng'ombe wake unatamani kumpapasa.

Watu hakuchora. Hakuweza. Wakati wa uchumba wetu alinichora mara moja, na mama yangu alipoiona ile picha aliuliza huyu mgonjwa ni nani. Picha ikihitaji mtu, mchungaji au mwanamke mwenye ndoo, Korbinian alimwita rafiki yake Lenz Zirngibl, aliyekuwa na chumba cha kazi ghorofa ya chini. Lenz alipanda, akamweka mtu wake, akanywa bia yake, akaondoka. Naye Lenz akitaka ng'ombe kwenye picha zake, Korbinian alishuka. Wachoraji wengi wa Munich waliishi hivyo, kila mmoja na kipande chake, na hakuna aliyeona aibu.

Mimi nilizaliwa kwa Lechner, shamba la mwisho kijijini Hinterau kabla njia haijaanza kupanda mlima. Korbinian alifika kwetu kiangazi kimoja, kijana mwembamba mwenye mwavuli mkubwa na kiti cha kukunja, akaomba ruhusa ya kuchora ng'ombe. Baba alimwambia achore, mradi asiwasumbue wakati wanacheua. Kazi ya kumshikia ng'ombe watulie ilimwangukia kaka yangu Vitus, na Vitus hakuwa mtu wa kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa.

“Wewe Munich,” alimwita hivyo mpaka mwisho, “huyo Bless umemchora matako tu. Kwani uso wake umekukosea nini?”

“Matako ndiyo magumu.”

“Mwambie dada yangu maneno hayo, uone kama atakukubali.”

Nilimkubali. Nikahamia Munich, kwenye ngazi zenye harufu ya tapentaini ya kusafishia brashi, na kila kiangazi tulirudi Hinterau. Vitus alirithi shamba, akamwoa Afra, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na kila kiangazi alisimama juani akiwa ameshika kamba ya ng'ombe huku mume wangu akikunja uso na kufumba jicho moja. Kama kuna mtu aliyemfanya Korbinian awe alivyokuwa, basi ni kaka yangu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu magazeti hayakuwahi kulisema.

Mwaka 1887 tajiri mmoja wa bia, Bwana Obholzer, alijenga ukumbi mpya wa kunywea na akataka picha kubwa ya ukuta mzima. Alitaka ng'ombe wakishuka kutoka malisho ya mlimani mwisho wa Septemba, wakiwa na mashada ya maua vichwani. Watu wa mjini wanaupenda mno ushukaji huo. Wanaona maua, utepe na taji kubwa la ng'ombe wa mbele, wanapiga makofi, hawaulizi zaidi. Sisi tunajua kwamba maua ni shukrani. Ng'ombe huvikwa pale tu kiangazi kinapopita bila kifo, cha mnyama au cha mtu wa nyumba ile. Nyumba ikifiwa, ng'ombe wake hushuka vichwa vitupu, na kengele zao hujazwa nyasi kavu zisilie.

Picha ilitakiwa iwe tayari kwa maonyesho ya vuli, kwa hiyo mwaka ule hatukwenda Hinterau. Korbinian alianza Mei, akitumia michoro yake ya miaka iliyopita. Aliwajua ng'ombe wale kwa majina, kwa pembe, kwa mwendo. Angeweza kumchora Gams usingizini.

Julai Vitus alikufa. Ndama mmoja alipotelea kwenye ukungu, Vitus akaenda kumtafuta, akateleza kwenye mawe. Ndama alirudi mwenyewe jioni.

Tulikwenda kuzika. Korbinian alibeba jeneza pamoja na wanaume wa kijiji, koti lake likamchanika begani, na kesho yake akapanda treni kurudi kwenye picha yake. Mimi nilibaki, maana nyasi zilikuwa zimelala shambani na Afra alikuwa na mikono miwili tu na kibarua mmoja, Gidi. Afra hakulia. Hakulia kanisani, hakulia kaburini, hakulia hata tuliporudi na kukuta viatu vya Vitus kando ya jiko. Alivichukua akaviweka juu ya kabati, akaenda kukamua. Watu wa Hinterau waliyaona macho makavu, wakamwona na Gidi, mwanamume mzima asiye na mke, wakajumlisha wenyewe.

Septemba tuliwashusha ng'ombe. Kwa kawaida mwenye shamba ndiye hutembea mbele na fimbo yake. Gidi alipotaka kwenda mbele, Afra alimvuta mkono.

“Mbele asikae mtu. Bless anaijua njia.”

Bless aliijua kweli. Alitangulia peke yake, wenzake wakamfuata, na sisi watatu tukatembea nyuma. Kengele zilikuwa bubu. Zilisikika kwato tu, na pumzi zao. Watu walitoka milangoni, wakavua kofia, wakatutazama tukipita, na nilifikiri angalau hilo sasa limekwisha, tumefanya inavyopasa.

Wiki iliyofuata Zenta Stadler, jirani yetu wa upande wa mto, alirudi kutoka Munich alikokwenda na mumewe kwenye sherehe za bia. Alitungoja nje ya kanisa baada ya misa, miwani puani, watu wakiwa bado wamejaa uani. Alijua alichokuwa akifanya.

“Afra, hongera,” alisema. “Nimewaona ng'ombe wako mjini. Wamependeza!”

“Ng'ombe wangu wako zizini.”

“Kwenye picha, mama. Kubwa, imejaa ukuta. Maua vichwani, maua shingoni, na Bless na taji lake kama bibi harusi. Nikamwambia Stadler wangu, hawa si wa Vitus? Gams yule, na pembe yake iliyopinda. Na chini imeandikwa jina la shemeji yako na mwaka. Mwaka huu. Nilisoma mara mbili, nisije nikawasingizia watu.”

Kisha mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba basi huku vijijini ni nyasi kwenye kengele, na huko mjini ndiko wanakosherehekea. Mwingine akacheka kwa pua. Afra alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaondoka. Nyumbani alivua viatu vya kanisani, akavaa vya zizini, ndipo akasema nami.

“Wifi, wewe ulizaliwa hapa na mlango huu ni wako. Mumeo asiukanyage tena.”

“Afra, hakukusudia ubaya.”

“Sijasema alikusudia. Nimesema asikanyage.”

Nilipanda treni kwenda Munich nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Niliingia moja kwa moja kwenye maonyesho, nikiwa bado na matope ya Hinterau kwenye pindo la sketi. Picha ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bless alikuwa anapumua. Ungeweza kuhesabu mbigili kwenye taji lake. Nami siku chache tu zilizopita nilikuwa nimetembea nyuma ya Bless yuleyule, mkononi nimeshika rozari ya kaka yangu.

Korbinian nilimkuta akisafisha brashi. Aliruka kwa furaha kuniona.

“Umeipitia? Umemwona Gams?”

“Nimemwona. Amevaa maua.”

“Obholzer aliyataka maua.”

“Vitus amekufa, Korbinian.”

“Burgl, najua. Nilibeba...” Niliona fikra ikimfikia polepole. Kwake ile ilikuwa picha ya ng'ombe. Aliianza Mei, akaimaliza Septemba, na katikati alikwenda kumzika shemeji yake, na hayo mambo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Alipomaliza aliandika mwaka pembeni, kama alivyoandika kwenye picha zake zote. Mtu wa Augsburg! Mtoto wa miaka mitano wa Hinterau asingefanya kosa lile.

Nilimweleza ya Zenta, ya uani pa kanisa, ya mlango. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, brashi ikimdondokea rangi kwenye suruali.

Lenz alipanda kutoka chini aliposikia sauti yangu, nami nilimwambia yote bila kupunguza. Lenz alikuwa mtu wa njia za mkato.

“Mbona rahisi? Badilisheni mwaka. Sita badala ya saba, brashi moja tu. Mwaka jana si hawakufiwa?”

Hatukuwa na wazo bora. Tulipanda treni pamoja, mimi na Korbinian, na Afra akatupokea kizingitini, ufagio mkononi, asitupishe. Korbinian alivua kofia.

“Shemeji, nimekosa. Sikufikiri. Nitabadilisha mwaka, iwe picha ya mwaka jana, watu wasipate la kusema.”

Afra alifikiri. Alikuwa mwanamke wa haki, nampa hilo.

“Mwaka jana tulikuwa na maua, kweli. Na mbele alitembea nani?”

“Vitus.”

“Kwenye picha yako yuko?”

Korbinian aliitazama kofia yake.

“Basi si mwaka jana,” Afra alisema, akafunga mlango.

Usiku hatukulala kijijini. Tulirudi Munich, na Lenz akaja na njia nyingine ya mkato: atamweka Vitus mbele ya Bless, akionekana kwa nyuma kidogo, kofia, ndevu, fimbo.

“Ulishawahi kumwona kaka yangu?” nilimuuliza.

“Mara moja, nadhani. Lakini kofia na ndevu, Burgl, nani atajua?”

“Mkewe, ewe mpumbavu!”

Korbinian alikuwa ameshusha michoro yake yote ya Hinterau, kaisambaza sakafuni, anatafuta. Nami nilipiga magoti kutafuta naye. Kwato, masikio, pua, mikunjo ya shingo, miaka na miaka ya ng'ombe wa kwetu. Kwenye karatasi nyingi palikuwa na kamba inayotoka kichwani mwa ng'ombe, inakwenda kando, halafu inakatika hewani. Pale ilipokatika ndipo mkono wa Vitus ulipokuwa. Hakuuchora hata mara moja.

“Macho yake yalikuwa rangi gani?” Korbinian aliuliza, bila kuinua kichwa.

Nilimpiga. Sijivunii na sijuti. Nilimpiga begani kwa mkono uliofumbwa, nikamwambia kaka yangu alisimama juani miaka yote ile ili yeye apate jina, na macho yake yalikuwa ya kijivu, na angekuwa na kwato angekumbukwa vizuri zaidi. Lenz alichukua kofia yake akashuka. Korbinian alilia, nami nikalia, tukakaa pale sakafuni juu ya ng'ombe wote wale.

Asubuhi alisema, “Mtu siwezi. Na Lenz asimguse. Nitakachoweza ni kuwavua maua.”

Alikwenda kwenye maonyesho akaiomba picha kwa kisingizio cha kuipaka vanishi, ikarudishwa nyumbani na wapagazi wanne. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Alichukua kisu na tapentaini, akaanza na taji la Bless. Mbigili zilitoka, kioo kidogo cha katikati ya taji kikatoka, utepe ukatoka, na kila shada liliondoka na kipande cha kichwa kilichokuwa chini yake, kwa hiyo ilimbidi awachore upya ng'ombe wote kuanzia macho hadi shingo. Alinikalisha karibu aniulize. Vichwa walivishika vipi? Chini, nilimwambia, kama wanapopanda, ingawa walikuwa wanashuka. Nyasi zilionekana kwenye kengele? Zilichungulia kidogo. Nani alikuwa mbele? Hakuna. Jua pia alilipunguza, bila kuniuliza, na alikuwa sahihi, siku ile mawingu yalikuwa mazito.

Bwana Obholzer alikuja kuitazama Novemba, mwenyewe, na tumbo lake na mnyororo wa saa.

“Maua yangu yako wapi?”

Korbinian alimweleza habari ya desturi. Obholzer alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

“Bwana Haslinger, pole sana. Lakini nani atakunywa bia mbele ya matanga?” Akanunua kundi la kulungu kwa mchoraji mwingine, na kulungu hao nasikia wapo mpaka leo.

Tukaifunga kwa mashuka ya kitanda chetu, tukaipeleka Hinterau, treni hadi mji wa karibu na gari la nyasi toka hapo. Mlango wa nyumba hatukuugusa. Korbinian aliisimamisha picha ndani ya zizi, ikiegemea ukuta wa mwisho, kwa kuwa zizini Afra angelazimika kuingia, apende asipende. Ng'ombe hawangoji ugomvi wa watu.

Aliingia jioni na ndoo. Alituona, aliiona picha, akakaa kwenye kigoda kumkamua Gams na mgongo wake kwetu. Akawakamua wote. Korbinian alisimama karibu na mlango, koti bado limechanika begani, kwa kuwa mimi nilikataa kulishona kwa hasira yangu. Mwishowe Afra akaichukua taa kwenye msumari, akaenda kwenye picha, akaisogeza taa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Alikaa kwa Bless muda mrefu. Kisha akaishusha taa pale mbele, penye njia tupu.

“Nani alikwambia?”

“Burgl.”

“Nyasi za kengele ya Dirndl zilikuwa nyingi kuliko hizo,” alisema. Halafu akasema, “Supu ipo. Ingieni.”

Aliposafisha sahani ndipo aliposema kwamba yeye ameiona, lakini mwenye haja ya kuiona hakuwa yeye. Walioambiwa habari za ile nyingine ndio waione hii. Jumapili, baada ya misa, Gidi na wanaume watatu waliibeba hadi baa ya kijiji, wakaiegemeza ukutani chini ya pembe za kulungu. Kijiji kizima kiliingia, wanawake pia, ambao kwa kawaida huenda nyumbani kupika. Afra alisimama kando ya picha na nguo zake nyeusi, mikono kaikunja tumboni. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote.

Watu waliwataja ng'ombe kwa majina. Wengine walivua kofia, kama siku ile njiani. Zenta Stadler alivaa miwani, akainama kusoma mwaka, akainuka, akasema picha ni nzuri na kwamba yeye alisema alichokiona tu. Watu wakarudi kuwatazama ng'ombe. Nilianza kufikiri tumemaliza.

Kwenye meza ya dirishani alikuwapo mfanyabiashara wa farasi kutoka bonde jingine, mgeni, bia yake ya tatu au ya nne mkononi. Aliitazama picha kwa makini, mtu anayewajua wanyama.

“Kazi ya mtu hii,” alisema kwa sauti ya kusikika. “Ng'ombe safi kabisa. Lakini mchoraji wenu kamsahau mchungaji! Kundi zima hilo, na mbele hakuna mtu? Yuko wapi mwenyewe?” Akacheka, akitungoja na sisi tucheke.

Korbinian alifungua mdomo. Afra alimtangulia.

“Amekufa,” alisema. “Mwenyewe amekufa. Ni mume wangu.”

Hakuwa amewahi kulisema. Tangu Julai, kwangu, kwa padri, kwa Gidi, sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Alikuwa akisema “tangu Julai,” au “sasa hivi tulivyo.” Alilisikia mwenyewe, nadhani, kwa mara ya kwanza kama sisi. Mikono yake ikafunguka tumboni, akashika fremu ya picha, na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa hata farasi wa mgeni wakashtuka nje. Alilia mbele ya kijiji kizima, mbele ya Zenta. Wa kwanza kumfikia sikuwa mimi. Alikuwa Korbinian, ambaye maisha yake yote hakujua afanye nini na watu. Alimshika mkono wa kulia, uliokuwa umeishika fremu, akaukazia macho kama anayejifunza, na hakuuachia mpaka Afra alipomaliza kulia.